Nani Amwendee Nani? Istilahi ya Upatanisho katika Biblia ya Kiswahili na Matumizi ya Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Likoni na kupita Waa, Tiwi, Diani na Msambweni hadi Vanga, Kiswahili ni lugha inayotumiwa kwa pamoja na watu wa dini mbalimbali. Wadigo, ambao ndio wenyeji walio wengi wa ukanda huo, kwa jumla ni Waislamu. Wakristo wengi wa huko ni watu waliohamia kutoka bara, pamoja na baadhi ya Waduruma na Wadigo wachache. Kwa hiyo Biblia ya Kiswahili inaposomwa Ukunda au Msambweni, husomwa mahali ambapo maneno yake mengi yana makao mengine tayari: katika nyumba, sokoni, barazani kwa wazee, na katika mahakama ya kadhi. Msikilizaji hayaachi makao hayo mlangoni anapoingia kanisani.

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi moja, yaani *upatanisho*, kama ilivyotumiwa katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo hadi leo ndiyo inayosomwa zaidi na Wakristo wa Kiprotestanti wa Kenya na Tanzania. Istilahi hiyo imebebeshwa fundisho lililo kiini cha imani ya Kikristo, yaani kwamba wanadamu wametengana na Mungu, na kwamba Mungu mwenyewe, ambaye ndiye aliyekosewa, ndiye anayetaka kuwarudisha katika uhusiano naye na ndiye anayeanza kuwaendea. Hapa haiulizwi kama fundisho hilo ni la kweli au si la kweli. Hiyo ni kazi ya wanateolojia. Linaloulizwa ni la lugha: je, kitenzi kilichochaguliwa kinasema jambo hilo? Na kama hakilisemi lote, je, Kiswahili cha pwani kina maneno mengine yanayoweza kulisema?

2. Mzizi mmoja, kazi nyingi

Kazi ya kutafsiri Maandiko ya Kikristo kwa Kiswahili ilianza karibu sana na eneo linalozungumziwa. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Baadaye zilijitokeza njia mbili: ile ya Unguja, iliyosimamiwa na Edward Steere na waliomfuata, ambayo ilitoa Biblia nzima mwaka 1891, na ile ya Mombasa, iliyotoa Biblia yake mwaka 1914. Njia ya tatu ilikuwa ya Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilikamilika mwaka 1937. Roehl aliamini kuwa maneno yenye asili ya Kiarabu yalikuwa yamekizidi Kiswahili cha kanisa, akajaribu kuyapunguza na kuweka ya Kibantu. Biblia ya Muungano ilikuja baada ya mabishano hayo, nayo haikumfuata Roehl katika jambo hilo. Ilibakiza *dhambi*, *toba*, *imani*, *rehema*, *sadaka* na *neema*, maneno ambayo Mwislamu wa Diani huyatamka kila siku bila kufikiri kwamba ni mali ya mtu mwingine.

Mzizi *-patan-* haukuwa na haja ya kuingia katika mabishano hayo, kwa sababu ni wa Kibantu. Pengine ndiyo maana ulipewa kazi nyingi kuliko neno lolote jingine la aina yake. Katika Agano la Kale unatumiwa kwa ibada ya kafara ya Mambo ya Walawi, na hata kwa jina la siku kuu ya ibada hiyo. Katika Waraka kwa Warumi 3:25 na katika Waraka wa Kwanza wa Yohana 2:2 unatumiwa kwa kitu kinachoondoa dhambi, ambacho katika mahali pa pili kimeitwa *kipatanisho*. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo 2:5 unatoa jina la mtu asimamaye katikati, *mpatanishi*. Na katika Warumi 5 na Waraka wa Pili kwa Wakorintho 5 unabeba lile jambo lenyewe la watu waliotengana na Mungu kurudishwa kwake.

Katika Kiyunani na Kiebrania haya ni maneno ya mizizi mbalimbali. Moja ni la madhabahu, la pili ni la mtu wa kati, la tatu ni la uhusiano uliovunjika. Mtu anaweza kusema kuwa kuyaunganisha ni utajiri: msomaji wa Kiswahili anaona mara moja kuwa kafara na uhusiano vina shina moja, jambo ambalo msomaji wa lugha nyingine huhitaji kuelezwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini umoja huo una gharama yake pia. Neno likifanya kazi nne, ile yenye picha iliyo wazi zaidi katika maisha ya kila siku huzitawala nyingine. Na katika maisha ya kila siku picha iliyo wazi zaidi ya *-patanisha* ni ile ya mtu wa kati.

3. Sarufi ya -patanisha

Kitenzi *-pata* kikiingia katika kauli ya kutendana hutoa *-patana*. Wanaopatana ni wawili au zaidi, na kila mmoja ana sehemu yake katika tendo. Wanaweza kupatana bei sokoni, ambapo muuzaji hushuka na mnunuzi hupanda hadi wakutane. Wanaweza kupatana baada ya ugomvi, na methali husema kuwa *wagombanao ndio wapatanao*. Methali hiyo huweka kauli mbili za kutendana uso kwa uso: waliofanya ugomvi ndio haohao wanaofanya mapatano.

Kiambishi cha kutendesha kikiongezwa, tunapata *-patanisha*, na hapo jambo jipya hutokea. Kiima cha kitenzi sasa kiko nje ya tendo la kutendana. Mzee akiwapatanisha majirani wawili waliogombania mpaka wa shamba, mzee huyo si mmoja wa waliogombana. Vivyo hivyo mgombanishi si lazima awe mmoja wa wapiganao, na anayewakutanisha watu wawili si mmoja wa wale wawili. Huu ni mwelekeo wa kawaida wa kutendesha kunapokuja baada ya kutendana: kuna wawili, na kuna wa tatu.

Sasa, katika Wakorintho wa Pili, sura ya 5, Mungu ndiye kiima cha *-patanisha*, na wanadamu ndio yambwa. Lakini upande wa pili wa mapatano ni Mungu huyohuyo. Ili kumwingiza tena katika tendo ambalo sarufi imemtoa, watafsiri walilazimika kutumia neno *nafsi* pamoja na kiunganishi *na*. Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Hata hivyo ina mkazo usio wa kawaida, kwa maana inamtaka msikilizaji amwone mtu mmoja katika viti viwili: kiti cha mzee anayeamua na kiti cha mwenye ugomvi. Msikilizaji asiyekuwa makini hukishika kiti cha kwanza na kukiacha cha pili. Mungu huwa kama mwenye baraza, aliyeketi juu ya shauri, wala si mtu aliyeumizwa na kuachwa ambaye ameinuka kwenda kumtafuta aliyemwacha.

Inafaa kukumbuka hapa jambo ambalo wafasiri wa Paulo wamelieleza mara nyingi. Kitenzi cha Kiyunani *katallasso*, anapokitumia kwa habari ya Mungu, hakimfanyi Mungu kuwa anayetulizwa na watu. Sikuzote ni Mungu anayetenda, na watu ndio wanaorudishwa. Aidha, kitenzi hicho si cha baraza la hukumu tu. Paulo huyohuyo, katika Wakorintho wa Kwanza 7:11, anakitumia kwa habari ya mwanamke aliyeachana na mumewe, kwamba akae bila kuolewa au arudiane naye. Biblia ya Muungano imetumia *-patan-* hapo pia. Kwa hiyo neno la Paulo lilikuwa na makao ya nyumbani, katika ndoa iliyovunjika, kabla halijawa istilahi ya teolojia. Swali ni kama mkazi wa Kwale anayesikia *upatanisho* huipata harufu hiyo ya nyumba.

Methali nyingine inaonyesha kwa nini swali hilo si dogo. Watu husema: *ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune*. Maana yake ni kuwa katika ugomvi wa ndugu mtu wa tatu hana kazi. Wenyewe watamalizana. Hekima hiyo inatofautisha mambo mawili ambayo kitenzi *-patanisha* huyachanganya: shauri la watu wasiohusiana, ambalo huhitaji msuluhishi, na mfarakano wa watu wa nyumba moja, ambao hutengenezwa na mmoja wao kumwendea mwenzake. Fundisho la Kikristo linalozungumziwa hapa ni la aina ya pili, lakini limevikwa kitenzi cha aina ya kwanza.

4. Suluhu na maridhiano

Kiswahili cha pwani kina maneno mengine mawili yanayopaswa kupimwa kabla ya kulaumu uchaguzi wa watafsiri. La kwanza ni *suluhu*, kutoka Kiarabu *sulh*. Kwa Mwislamu neno hili lina heshima ya Kurani. Surat an-Nisaa, aya ya 128, inaisifu suluhu baina ya mume na mke. Na aya ya 35 ya sura hiyohiyo inaelekeza kuwa panapohofiwa mfarakano baina yao, achaguliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Hata hivyo katika matumizi ya leo suluhu imeelekea upande wa makubaliano ya kumaliza shauri. Waliosuluhishwa huacha kushtakiana. Si lazima waanze kula pamoja.

La pili ni *maridhiano*, linalotokana na *radhi*. Hili limepata cheo kikubwa katika siasa. Huko Zanzibar lilikuwa jina la mapatano yaliyoanza kwa mkutano wa Amani Karume na Seif Sharif Hamad mwezi wa Novemba 2009, yakafikia kura ya maoni ya Julai 2010. Nchini Kenya, tume iliyoundwa baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 ilijulikana kwa Kiswahili kama Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, nayo ilitoa ripoti yake Mei 2013. Ni jambo la kutazamwa kwamba dola, ilipotafuta neno la kuwarudisha pamoja raia waliouana, haikuchukua *upatanisho* wa kanisa. Ilichukua neno la kutendana tu, lisilo na mtu wa tatu, ambalo mzizi wake unagusa moyo wa kila upande: kila mmoja awe radhi na mwenzake.

Kwa Kwale mambo haya si ya nadharia. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kivuko, na katika majuma yaliyofuata mashambulizi yalienea kusini, yakiwalenga hasa watu wenye asili ya bara. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, na maelfu wengi walikimbia makazi yao. Baadhi ya washambuliaji walikuwa wamefanya mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo. Jina hilo lina uchungu wake kwa mtu ajuaye lugha. Katika Kidigo, kama katika lugha nyingine za Kimijikenda, *kaya* maana yake ni makazi, mahali pa mtu pa kurudi. Kaya za zamani zilikuwa ngome za kujihifadhi, na misitu yake ikabaki mitakatifu; Kaya Kinondo, karibu na Diani, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Neno la makao lilikuwa sasa limetajwa katika ripoti za mauaji ya majirani. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilichunguza mambo hayo pamoja na mapigano ya kikabila ya sehemu nyingine za nchi. Suluhu kwa maana ya mapigano kwisha ilipatikana. Lakini wako waliokimbia ambao hawakurudi tena, na wako waliorudi wakawa majirani wa kusalimiana tu.

Mfano huo unaonyesha tofauti ambayo istilahi inapaswa kuibeba. Mwisho wa ugomvi ni kitu kimoja, na kurudi kwa uhusiano ni kitu kingine. Jambo la kwanza linaweza kufanywa na serikali, tume, au mzee wa mtaa. La pili haliwezi kufanywa na mtu wa tatu peke yake. Ni lazima mmoja amwendee mwenzake. Ukristo unadai kuwa jambo la pili ndilo Mungu alilolifanya, na kwamba alilifanya yeye mwenyewe. Kitenzi cha Biblia ya Muungano kinaeleza vizuri la kwanza. La pili kinalieleza kwa taabu.

5. Rejea

Kiswahili cha Waislamu wa pwani kina kitenzi kingine, ambacho hakikupata cheo cha istilahi katika Biblia za Kiswahili, nacho ni *-rejea*. Katika matumizi ya kawaida maana yake ni kurudi tu, na kwa maana hiyo kinapatikana kila mahali. Lakini kikichukua yambwa ya mtu, kina maana maalumu: mume *kumrejea* mkewe ni kumchukua tena mke aliyempa talaka, wakati angali katika eda. Talaka inayoruhusu jambo hilo huitwa *talaka rejea*. Surat al-Baqara, aya ya 228, ndiyo msingi wake, nayo inaweka sharti kwamba waume wawe wanataka kutengeneza mambo. Neno la Kiarabu linalotumiwa hapo kwa kutengeneza ni la mzizi uleule wa suluhu.

Mambo matatu ya *kurejea* yanahusu swali la makala haya. Kwanza, anayetenda ni mmoja wa waliotengana, si mtu wa tatu. Pili, tendo linaelekea kwa mtu, wala si kwa kitu kilichopotea. Neno *urejesho*, ambalo siku hizi linasikika sana katika baadhi ya makanisa, linatokana na *-rejesha* na huelekea zaidi kwenye kurudishiwa mali, afya au baraka. Tatu, katika madhehebu ya Kishafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mume hamrejei mkewe kwa kuingia naye nyumbani kimyakimya. Ni lazima atamke. Rejea ni tendo linalofanyika kwa neno, mojawapo ya matamko ambayo mwanafalsafa J. L. Austin aliyachunguza, yale ambayo kuyasema ndiko kuyatenda. Msomaji wa Paulo atakumbuka kwamba katika Wakorintho wa Pili 5:19 jambo walilokabidhiwa mitume linaitwa neno.

Upo pia ushahidi wa ndani ya Biblia yenyewe. Manabii walipotaka kusema kuwa Mungu anataka watu wake waliomwacha, picha waliyoichagua mara nyingi ni ya ndoa. Hosea anaamriwa kumpenda tena mwanamke mzinzi, ili awe mfano wa Mungu na Israeli. Katika Yeremia 3:1 hoja inaanza kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 24, kwamba mume aliyemwacha mke hawezi kumchukua tena baada ya mke huyo kuolewa na mwingine. Kwa msomaji wa Msambweni sheria hiyo inashangaza, kwa kuwa sheria anayoifahamu, iliyo katika aya ya 230 ya al-Baqara, ni kinyume chake: baada ya talaka ya tatu, mume hawezi kumwoa tena *mpaka* awe ameolewa na mwingine na kuachwa. Tofauti hiyo ingeweza kumsaidia mwalimu. Yeremia anaitaja sheria iliyofunga mlango kabisa, halafu katika sura hiyohiyo anamsikia Mungu akiita watu warudi. Nguvu ya kifungu imo katika kuuvuka mlango uliofungwa, na mtu aliyekulia katika mazingira ya talaka rejea huiona nguvu hiyo upesi kuliko msomaji mwingine.

Malaki 3:7 na Zekaria 1:3 zinakwenda mbali zaidi. Kiebrania kinatumia kitenzi kimoja cha kurudi kwa watu na kwa Mungu, na Biblia ya Muungano, kwa uaminifu, imetumia *-rudia* kwa pande zote mbili. Hapo watafsiri hawakuhitaji kiti cha hakimu. Walimfanya Mungu kuwa mmoja wa wawili wanaorudiana. Ni mahali pachache ambapo sarufi ya Kiswahili na fundisho vinakwenda mwendo mmoja bila kuvutana.

6. Hoja za upande wa pili

Itakuwa makosa kudhani kuwa *-rejea* ingetosha kushika mahali pa *-patanisha*. Zipo hoja mbili nzito dhidi yake.

Ya kwanza ni ya mamlaka. Kwa sheria ya fikihi, mume anayemrejea mkewe katika eda hahitaji idhini yake wala mkataba mpya. Wanawake wanaoijua sheria hii nyumbani mwao wanaweza kuisikia picha ya Mungu anayerejea kwa namna tofauti sana na mwanamume anayehubiri. Kwa mmoja ni huruma. Kwa mwingine ni haki ya mwenye nguvu kumwita aliyemfukuza. Tena kuna kasoro ya mfano wenyewe: katika talaka mume ndiye aliyeacha, hali katika fundisho la Kikristo wanadamu ndio walioacha. Picha iliyo karibu zaidi ni ya mke *aliyesusa* na kwenda kwao, na mume anayepeleka watu kumbembeleza. Na hapo *wajumbe* wa Wakorintho wa Pili 5:20 hupata maana ya nyumbani kabisa, kwa kuwa wanatumwa na mwenye nyumba, nao wanaomba. Mwenye haki ya kuamuru amechagua kuomba. Hapo ridhaa ya anayeombwa haiwezi kuachwa nje, na ndipo kauli ya kutendana ya *-patana* inapohitajika tena. Rejea inaonyesha nani ameanza. Haimwonyeshi wa pili akikubali.

Hoja ya pili ni ya mipaka ya dini. Mtu anaweza kusema kuwa kulichukua neno la sheria ya Kiislamu na kuliweka katika fundisho la Kikristo ni kuwachokoza Waislamu au kuwachanganya Wakristo. Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa katika jimbo ambalo tofauti ya dini na tofauti ya mwenyeji na mtu wa bara zimewahi kushikana mkono. Lakini *toba* nayo ilikuwa, na bado ni, neno la Kiislamu. Na asili yake katika Kiarabu ni kurudi. Ikiwa neno la mwanadamu kumrudia Mungu liliweza kukaa katika dini zote mbili bila ugomvi, si rahisi kueleza kwa nini neno la Mungu kumrudia mwanadamu lisiweze angalau kutumiwa katika mafafanuzi.

7. Radhi ya baba

Kifungu kinachojulikana zaidi kuliko vyote katika jambo hili ni kisa cha baba na wana wawili katika Luka 15. Wasomaji wa Kiswahili hukiita kisa cha *mwana mpotevu*, na jina hilo tayari limetoa hukumu. *-potea* ni hali ya kitu kisichoonekana, kama kondoo na fedha katika mifano miwili inayotangulia. *-Potevu* ni tabia ya mtu aliyeharibika. Jina linamwelekeza msomaji kwa mwana na makosa yake, hali mwenendo wa kisa unaelekea kwa baba.

Mwana anarudi akiwa ametayarisha maneno ya kuomba radhi. Pwani nzima inajua uzito wa radhi ya wazazi. Husemwa kwamba *radhi ni bora kuliko mali*, na mwana huyu amepoteza vyote viwili. Kwa desturi angepaswa kupitia kwa mtu mzima, labda mjomba, amwombee kwanza. Msikilizaji wa Kidigo, ambaye jamii yake ilifuata zamani urithi wa upande wa mama, angemtarajia mjomba huyo hasa. Lakini katika kisa hakuna mjomba. Hakuna mpatanishi. Baba anamwona akiwa mbali, naye, mtu mzima mwenye heshima zake, anakimbia. Radhi inatolewa kabla maneno ya kuiomba hayajamalizika. Na kaka mkubwa anapokataa kuingia, baba anatoka mara ya pili na kumsihi yeye pia. Katika mara zote mbili swali la nani amwendee nani linajibiwa kwa mwendo wa miguu ya baba.

Ni muhimu kwamba kisa hiki hakina hata mara moja neno *upatanisho*, nacho ndicho kinacholieleza fundisho kwa uwazi kuliko vifungu vyote vyenye neno hilo. Kinaishia pia bila kueleza kama kaka mkubwa aliingia. Baba amefanya sehemu yake yote. Mapatano bado yanamngoja wa pili.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa mzizi *-patan-* umebeba katika Biblia ya Muungano kazi za maneno kadhaa ya asili, na kwamba umbo la *-patanisha* humsogeza Mungu kuelekea kiti cha mtu wa tatu, kinyume cha fundisho linalomweka kuwa mmoja wa waliotengana. Imeonyeshwa pia kuwa Kiswahili cha pwani ya kusini kina maneno yanayoijazia pengo hilo: *-ridhiana*, linalodai moyo wa kila upande, *-rejea*, linaloonyesha nani ameanza, na *-rudia*, ambalo manabii wa Biblia ya Kiswahili tayari wamelitumia kwa Mungu na kwa watu pamoja.

Haipendekezwi kwamba *upatanisho* uondolewe. Umekwisha kuota mizizi, na maana yake ya kutendana ina thamani ambayo rejea haina. Linalopendekezwa ni kipimo. Watafsiri wa leo, kwa Kiswahili na kwa lugha za jirani, wakiwemo waliofanya kazi ya Agano Jipya la Kidigo, wasiulize tu kama neno ni la Kiarabu au la Kibantu, jambo lililomshughulisha Roehl. Waulize katika kila sentensi nani anamwendea nani, na kama mwendewa ana nafasi ya kujibu. Kipimo hicho kitafaa pia nje ya Biblia. Katika vijiji vya Kwale ambavyo majirani wa 1997 bado wanaishi ua kwa ua, maneno *suluhu*, *maridhiano* na *upatanisho* yamekwisha kutamkwa mara nyingi katika mikutano. Utafiti wa namna wenyeji wanavyoyatofautisha, nyumba kwa nyumba na kwa lahaja na lugha zao zote, haujachelewa, na ungeweza kuwapa watafsiri ushahidi ambao kamusi peke yake haiwezi kuutoa.